Kompyuta ya mezani kwa fedha chache: soma nambari inayofuata "i5"

Anayepita madukani jijini Nakuru, kuanzia Kenyatta Avenue hadi Moi Road, hukutana na tangazo lile lile mlango baada ya mlango: "Core i5, RAM 4GB, diski 500GB, seti kamili." Chini yake huwa bei ya kuvutia, na pembeni kuna rundo la masanduku meusi ya HP, Dell na Lenovo yaliyotumika katika ofisi za Ulaya au Marekani kabla ya kuletwa nchini. Hizi ndizo mashine ambazo mitaani huitwa ex-UK. Kwa mwenye fedha chache, mara nyingi ndizo chaguo la busara, kwa sababu zilitengenezwa kufanya kazi ya ofisi kutwa nzima kwa miaka mingi.

Tatizo ni kwamba katika rundo moja huwa na mashine ya mwaka 2013 na mashine ya mwaka 2018, zote zina maandishi ya "i5", na macho hayawezi kuzitofautisha. Anayekosea hapo si tajiri anayeweza kurudi dukani wiki ijayo na fedha nyingine. Ni mzazi aliyeuza magunia ya viazi Molo, ni kikundi cha vijana Gilgil, ni mwanachama aliyekopa kwenye chama chake. Mashine ikianza kusuasua baada ya miezi mitatu, mkopo hausubiri.

Chukua mfano wa mama wa Njoro anayetaka kuweka meza ya huduma karibu na stejini: kuwajazia watu fomu za eCitizen, marejesho ya KRA, maombi ya HELB na KUCCPS, usajili wa SHA, na kuwachapishia wanafunzi kazi zao. Ana Sh40,000. Kati ya hizo Sh25,000 ni akiba yake na Sh15,000 ni mkopo wa chama, ambao ataanza kuulipa mwezi ujao. Printa anayo tayari, aliachiwa na dada yake. Bei zinazotumika katika mfano huu ni za kufanyia hesabu tu, kwa kuwa bei za madukani hubadilika kila wiki. Cha kufuata ni namna hesabu yenyewe inavyokwenda.

Kazi kabla ya mashine

Karibu kazi yote ya mama huyu hufanyika kwenye intaneti: kurasa kadhaa zikiwa wazi kwa wakati mmoja, faili moja ya Word, pengine na fomu ya KRA inayojazwa kwa Excel. Hahitaji i7. Hahitaji kadi ya michoro. Muuzaji akimwonyesha mashine yenye taa za rangi ndani yake, anamwonyesha mashine ya mtu mwingine. Anachohitaji ni mashine isiyokwama kurasa kumi zikiwa wazi, inayowaka haraka mteja akiwa amesimama mbele ya meza, na itakayoendelea kupata masasisho ya usalama kwa miaka kadhaa. Anayehariri video au kuchora ramani za majengo ana mahitaji mengine, na bajeti yake pia ni nyingine.

Kizazi cha prosesa

Mitaani, sanduku lote huitwa CPU. Kwa hakika CPU, yaani prosesa, ni kipande kidogo kilicho ndani ya sanduku hilo, na ndicho kitu kimoja ambacho kwa bajeti ndogo hakifai kununuliwa kibovu kwa matumaini ya kukibadilisha baadaye. Diski hubadilishwa. Memori huongezwa. Lakini prosesa ya kizazi cha nne haiwezi kutolewa na kuwekwa ya kizazi cha nane, kwa sababu ubao unaoibeba hauipokei.

Kizazi husomwa kwenye nambari inayofuata baada ya i3, i5 au i7. Ikiwa nambari hiyo ina tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi: i5-4570 ni ya kizazi cha nne, i5-6500 ni ya sita, i5-8500 ni ya nane. Ikiwa ina tarakimu tano, kama i5-10500, zile mbili za mwanzo ndizo kizazi, yaani cha kumi. Kwa hiyo neno "i5" peke yake halisemi mengi. Mashine ya i3-8100 ina viini vinne vya kazi, sawa na i5-4570, lakini ni changa kwa vizazi vinne. Mnunuzi akiambiwa achague kati ya hizo mbili, i3 ndiyo bora, hata kama jina lake linaonekana dogo.

Mpaka wenyewe uko kwenye kizazi cha nane. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Watumiaji wa kawaida waliojiandikisha kwa muda wa ziada walipangiwa kuyapata hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo, kwa prosesa za Intel, hutaka kizazi cha nane au kipya zaidi, isipokuwa chache sana, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0. Kwa prosesa za AMD, anayetafuta usalama wa uamuzi achukue Ryzen ambayo nambari yake inaanzia 3000. Ofisi nyingi za ng'ambo zimeziondoa mashine zisizoweza kuhamia Windows 11, nazo zinatafuta wanunuzi kwingineko. Bei ya chini ya kizazi cha nne hadi cha saba si zawadi, ina sababu.

Hapa muuzaji anaweza kusema, "Mama, hii tumeshakuwekea Windows 11, angalia mwenyewe." Na kweli skrini itaonyesha Windows 11. Fundi anaweza kuilazimisha iingie kwenye mashine isiyotimiza masharti, lakini Microsoft haihakikishi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masasisho, na sasisho kubwa linaweza kukataa kabisa kuingia. Kuona Windows 11 kwenye skrini si ushahidi wa kizazi. Nambari ya prosesa ndiyo ushahidi.

Majina ya mashine yenyewe husaidia, ila yana mtego. Dell OptiPlex 7050 ni ya kizazi cha sita au cha saba, 7060 ni ya nane. HP EliteDesk 800 G3 ni ya sita au ya saba, 800 G4 ni ya nane. Lenovo ThinkCentre M720 ni ya nane au ya tisa. Lakini HP ProDesk 400 G4 ya sanduku la kawaida haifiki kizazi cha nane, ingawa nayo imeandikwa G4. Basi jina litumike kuanza mazungumzo tu.

Hesabu ya seti mbili

Duka la kwanza linampa mama wa Njoro seti kamili kwa Sh22,000: i5-4570, RAM 4GB, diski ya kuzunguka ya 500GB, monita ya inchi 19, kibodi na kipanya. Duka la pili linauza vipande: sanduku lenye i3-8100, RAM 8GB na diski ya SSD ya 256GB kwa Sh23,000, monita ya inchi 19 kwa Sh5,000, kibodi na kipanya kwa Sh1,500. Jumla Sh29,500. Tofauti ni Sh7,500, na kwa mwenye mkopo hiyo ni fedha nyingi.

Lakini seti ya kwanza haiwezi kufanya kazi ya meza ya huduma ikiwa hivyo ilivyo. Diski ya kuzunguka ya miaka kumi ndiyo inayofanya kompyuta ichukue dakika kadhaa kuwaka, na ndiyo hufa bila kuaga. Kuiondoa na kuweka SSD ni Sh3,500. RAM ya 4GB hujaa kurasa chache tu zikifunguliwa. Kuifikisha 8GB ni Sh2,000. Seti ya kwanza sasa imefika Sh27,500, na tofauti imebaki Sh2,000. Kwa Sh2,000 hizo, moja inakubali Windows 11 na nyingine haikubali, wala haitakubali kamwe.

Jambo la memori lina uzito wake siku hizi. Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya memori mpya imepanda duniani, kwa kuwa viwanda vimeelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye vituo vya akili bandia. Mashine inayouzwa ikiwa na 8GB tayari ndani yake ina thamani kuliko ilivyokuwa, na ahadi ya "utaongeza RAM polepole" ipimwe kwa bei ya leo.

Mama anachukua seti ya pili. Anaongeza UPS ya Sh6,000 na kufika Sh35,500. Zinabaki Sh4,500 za bando ya mwezi wa kwanza, karatasi, na kebo itakayokosekana, maana kebo haikosi kukosekana. Sanduku nyingi za HP za ofisini hutoa picha kwa VGA na DisplayPort tu, hazina HDMI. Aliyepanga kutumia televisheni ya nyumbani kama monita agundue hilo akiwa dukani, si akiwa ameshashuka matatu Njoro.

Kuna wanaofaa kununua ile ya zamani. Mwanafunzi anayejifunza kuchapa na kuandika programu, au familia yenye Sh12,000 tu mfukoni, haikosei kuchukua kizazi cha nne au cha sita, ikawekewa SSD na mfumo wa bure kama Linux Mint au Ubuntu. Mifumo hiyo hupata masasisho ya usalama hata kwenye mashine kuukuu, na ina LibreOffice ya kuandikia barua na kufanyia hesabu. Kisichofaa ni kutumia mashine iliyokosa masasisho kushughulikia siri za watu wengine. Mama wa Njoro atakuwa akiandika nambari za vitambulisho, PIN za KRA na nenosiri za eCitizen za majirani zake kutwa nzima. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na kirusi kikiingia kwenye mashine ya meza moja, wanaoibiwa ni wengi.

Nusu saa dukani

Mnunuzi asilipe kwa kuangalia sanduku lililozimwa. Kibandiko cha i5 au i7 kilichobandikwa mbele kinaweza kutoka mashine nyingine. Mashine iunganishwe na monita, iwashwe, na mnunuzi aketi mbele yake mwenyewe.

Cha kwanza ni kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha linalofunguka lina sehemu iitwayo Performance, na hapo jina kamili la prosesa huonekana, pamoja na kiasi cha memori na kama diski ni SSD au HDD. Kisha abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike tpm.msc, toleo la TPM litaonekana, nalo linapaswa kuwa 2.0. Ikisemekana TPM haipo kwenye mashine ya kizazi cha nane, huenda imezimwa tu, na muuzaji aiwashe papo hapo. Kwenye mipangilio, ukurasa wa Activation useme Windows imeidhinishwa. Mashine za kizazi cha nane kwa kawaida ziliuzwa na Windows 10 ya halali, nayo huhamia Windows 11 bila malipo, kwa hiyo hakuna haja ya kulipia "kufunguliwa" na fundi.

Mtego usiotajwa sana ni kufuli za ofisi ilikotoka. Mnunuzi azime na kuwasha mashine huku akibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell, au F1 kwa Lenovo. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, aiache. Kadhalika, Windows ikiwekwa upya na kisha ikadai akaunti ya kampuni fulani ya ng'ambo kabla ya kuendelea, mashine hiyo bado imeandikishwa kwa mwenyewe wa zamani, na siku itakapohitaji kusafishwa itamfungia mlango mwenye nayo mpya.

Baada ya hapo video ya mtandaoni ichezwe kwa dakika kumi huku feni ikisikilizwa. Kila tundu la USB lijaribiwe kwa flashi. Mashine ichomolewe kwenye soketi kidogo kisha iwashwe tena: saa ikirudi kwenye mwaka wa zamani, betri ndogo ya ubaoni imekwisha, na hiyo si sababu ya kukataa mashine, ni sababu ya kuomba ibadilishwe kabla ya kulipa. Mwisho kifuniko kifunguliwe. Vipande vidogo vya mviringo vilivyosimama kwenye ubao vikiwa vimevimba juu, au kukiwa na kutu, mnunuzi aende duka jingine.

Ukubwa wa sanduku pia si suala la urembo. Masanduku madogo ya ofisini hutumia pawasaplai ya umbo lake maalumu, na HP hata ina viunganishi vyake. Pawasaplai hiyo ikiungua, ile ya kawaida ya dukani haiingii. Kabla ya kununua sanduku dogo, mnunuzi amwulize fundi wa karibu na kwake, si muuzaji, kama hupata vipuri vyake.

Stima na vumbi

Kaunti hii ndiyo yenye visima vya mvuke vya Olkaria, kule Naivasha, ambavyo hulisha umeme nchi nzima. Hilo halijazuia stima kupotea Njoro saa kumi jioni foleni ikiwa ndefu. UPS ndogo ya 650VA haiendeshi ofisi. Hutoa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Inatosha. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hiyo, kwa kuwa ikipasha joto huvuta umeme mwingi kwa ghafla na inaweza kuiua. Wakazi wa Molo, Elburgon na Kuresoi wanaijua radi ya msimu wa mvua. Hapo dawa ni kuchomoa plagi, pamoja na waya wa intaneti.

Mashine zilizotoka Marekani ziangaliwe nyuma. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi nyekundu ndogo iliyoandikwa 115 na 230. Umeme wa Kenya ni volti 240. Swichi ikiwa upande wa 115, mashine huungua mara inapochomekwa, kabla hata mnunuzi hajaketi.

Kuhusu tokeni, mashine ya aina hii kwa kazi nyepesi pamoja na monita huweza kukadiriwa kula wati 60. Kwa saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni uniti 15.6. Si nyingi, lakini nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 20 sasa itapita 30, na wateja wa nyumbani wanaopita uniti 30 kwa mwezi hutoka kwenye kiwango cha chini kabisa cha bei ya stima. Hesabu hiyo iingizwe kwenye bei ya kuchapisha karatasi moja tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna vumbi. Jina la Nakuru lenyewe husemwa kuwa linatokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na anayetilia shaka aje mwezi wa Februari. Vumbi huziba feni, joto hupanda, mashine hupunguza kasi ili isiungue, na mwenyewe hudhani ana kirusi. Sanduku likae juu ya meza, si sakafuni, na lisiegemee ukuta upande wa matundu ya hewa. Kila baada ya miezi mitatu lifunguliwe na kupulizwa, likiwa limechomolewa, huku feni ikishikwa kwa kidole isizunguke.

Risiti

Risiti iandikwe jina la mashine, prosesa, memori, diski na nambari ya siri ya kiwandani iliyo kwenye sanduku, pamoja na muda wa waranti. "Waranti miezi sita" ya mdomo haina kazi. Risiti hiyo pia ndiyo kinga ya mnunuzi iwapo itadaiwa kwamba mashine iliibwa, kwa kuwa kupokea mali ya wizi ukijua ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu. Bei iliyo chini mno, isiyo na duka wala risiti, ijibiwe kwa kuondoka.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameahidi ubora huo hata kama hakusema. Maandishi ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaliyobandikwa ukutani hayafuti haki hiyo. Muuzaji akikataa kabisa kutengeneza au kurudisha fedha, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, nayo inatakiwa kuyaamua ndani ya siku 60. Si lazima mdai awe na wakili, ila risiti ni muhimu awe nayo.

Aliye na kompyuta ya zamani ya kuuza au kutoa achomoe diski kwanza, au amwombe fundi aifute kabisa mbele yake, si kufuta faili peke yake. Iliyokufa kabisa isipelekwe Gioto kuchomwa kwa ajili ya shaba ya nyaya zake, kwani risasi iliyo kwenye ubao hubaki katika moshi na udongo. Mafundi wengi huinunua kwa ajili ya vipuri, na pawasaplai iliyo nzima ndani yake huenda ndiyo hasa inayotafutwa na jirani.